Vizingiti Vinne vya Gari ya Sista

Kitu cha kwanza nilichoona nilipobandua ile plastiki ni mmea. Mmea, nakwambia. Majani mawili mabichi kabisa, yamesimama kwa udongo mwekundu ndani ya gari, chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, na mizizi imeshika chuma kama iko shambani. Nikapiga kelele. Mwenzangu akaacha kuchomelea, akainua ile kofia yake ya kujikinga moto, akaja kuangalia.

"Ni ndengu," akasema.

"Ndengu, pojo, ni kitu kimoja, najua! Nauliza inafanya nini kwa gari!"

"Inamea."

Huyo ndiye mwenzangu. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vibaki. Babu yake aliletwa Voi na kazi ya reli kutoka magharibi, wakabaki, na yeye amezaliwa hapa hapa nyuma ya stesheni. Yeye anachomelea, mimi natengeneza ndani ya gari, na tumegawana kibanda kimoja cha mabati kando ya barabara inayopanda Mwatate. Mtu akimsema vibaya mbele yangu tunakosana siku hiyo hiyo. Kuna mteja nilimrushia funguo zake kwa matope kwa sababu alimwita mwenzangu bubu. Hajarudi, na asirudi.

Kazi yangu mimi hakuna mtu alinifundisha. Nilijifunza kwa simu, nikiangalia watu wa nchi za mbali wakirudisha plastiki zilizokufa, kisha nikiharibu magari ya marafiki mpaka nikaacha kuyaharibu. Kitu nilikuja kukijulia zaidi ni vizingiti. Ukifungua mlango wa gari, chini, pale unapopitisha mguu, kuna plastiki ndefu imefunika chuma. Hiyo. Watu wengi hawajui hata kama iko, na ndiyo inateseka kuliko kitu chochote ndani ya gari. Inakanyagwa, inakwaruzwa na visigino, inapigwa na magunia. Hapa kwetu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu udongo wetu ni kama msasa. Ukiingia na viatu vya shamba mara mia, plastiki inakuwa nyeupe, halafu inapasuka, halafu maji yanapita, halafu chuma kinaoza na wewe uko juu unasikiliza redio.

Gari ilikuwa ya Sista. Ni muuguzi mstaafu wa Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau, na ile stesheni wagoni yake ndiyo inabeba akina mama wa vijiji vile wakishikwa na uchungu. Amestaafu kwa karatasi tu. Goti lake la kulia ni bovu, kwa hivyo ana njia yake ya kuingia kwa gari: anakaa kwanza miguu ikiwa nje, anashika kizingiti kwa mkono, anajivuta, ndiyo miguu inafuata. Miaka na miaka mkono huo huo, mahali hapo hapo. Plastiki ya upande wa dereva ilikuwa imelika mpaka ikawa nyembamba kama ganda la yai. Ile ya nyuma kushoto, akina mama wanapoingilia, ilikuwa imepasuka vipande vitatu, na pojo za watu zilizomwagika kwa magunia zilikuwa zimeingia kwa ufa zikapata udongo, zikapata maji ya kuoshea gari, zikasema hapa ni nyumbani.

Nikang'oa ule mmea. Chini yake chuma hakikuwepo. Nilikuwa naangalia mchanga wa kibanda chetu kupitia sakafu ya gari, na kwa ule mchanga kuna kuku anapita.

"Sista," nikamwambia, naye amekaa kwa kiti cha plastiki anakunywa chai, "hii gari inaweza kukatika."

"Kata unachokata, funga unachofunga. Alhamisi nataka gari yangu."

"Sista, kuna tundu kuku anaweza kupita!"

"Basi lizibe kabla hajapita."

Tukaziba. Mwenzangu alikata uozo wote, akachomelea bati jipya, nami nikasugua kwa brashi ya waya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, nikaacha ikauke siku nzima, na hapo sikukubali kuharakishwa na mtu. Vizingiti vya mbele na nyuma upande wa kushoto nilivipata kwa gari ya aina ile ile iliyokufa na iko nyuma ya gereji moja. Kuvitoa bila kuvunja ni kazi ya adabu. Nilikata kipande cha jerikani kigumu, nikakichonga kama ulimi, nikawa napenyeza polepole, naisikiliza kila klipu ikiachia. Bisibisi hapana. Ukiingiza bisibisi umeua. Vya upande wa kulia nikavirudisha vile vile vya zamani, nikavipasha kwa mashine ya hewa ya moto mpaka mikwaruzo ikalala, na pale Sista anapowekea kisigino nikabandika kipande cha mpira uliotoka kwa mikanda ya kiwanda cha mkonge. Mpira huo hata trekta haiumalizi.

Ilibaki dawa ya mwisho. Wale wa kwa simu wanapaka plastiki maji maji fulani ya chupa ambayo Voi hakuna. Mimi nilikuwa nimegundua yangu: oili chafu ya injini, nachuja kwa soksi mara tatu. Plastiki imekuwa ya kijivu, unaipaka hiyo, inarudi nyeusi kama imetoka kiwandani saa hiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba oili ile inaivimbisha plastiki na kuilegeza, na ilibidi nianze kupigia wateja simu mmoja mmoja, aibu hiyo sitaki kuikumbuka. Lakini wakati huo nilikuwa najiona profesa. Dawa yangu ilikaa kwa jerikani ya njano ya lita tano, chini ya meza.

Sasa, kuna mtu mwingine alikuwa anatumia oili chafu ya pale kwetu. Shangazi yangu. Huyo ndiye alinilea Rukanga tangu niko darasa la tatu, na shamba lake liko pale ndovu wanashukia. Umeshaona pojo zako zimefika magotini, ukalala, ukaamka shamba limekuwa uwanja wa mpira? Yeye ameona, zaidi ya mara moja. Kwa hivyo anafanya kama majirani zake: anazungusha kamba shambani, ananing'iniza vitambaa, na kamba na vitambaa vyote vinalowekwa kwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali ya kusagwa. Ndovu akinusa anarudi alikotoka. Kila baada ya wiki kadhaa shangazi anashuka Voi na gunia la pilipili kavu, anaisagisha kwa kinu cha mtu ambaye akimwona tu anaanza kukohoa, anakuja kibandani kwetu, anachanganya.

Jumanne hiyo alikuja. Jerikani mbili. Moja akaibeba, ya pili ikamshinda kwa sababu alikuwa na mzigo mwingine, akaiacha chini ya meza yangu. Anasema aliniambia. Inawezekana. Mimi nilikuwa naongea.

Alhamisi saa tatu asubuhi Sista yuko pale anasubiri. Nilikuwa na mafua ya vumbi siku ya nne, pua imeziba kabisa, naongea kama mtu yuko ndani ya pipa. Sista aliangalia mikono yangu imejaa mikwaruzo, akaniletea glavu za hospitali kutoka kwa mkoba wake.

"Vaa. Vidonda na oili havipatani."

Nikavaa. Nikavuta jerikani, nikalowesha kitambaa, nikapaka kizingiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Vilimeta! Niliita mwenzangu aje aone. Akaja, akaangalia, akasema "Sawa," ambayo kwake ni kama hotuba. Nilikuwa sijamaliza kupangusa wakati simu ya Sista ililia, na nikasikia sauti ya shangazi yangu mpaka nilipokuwa.

Ni binti yake. Dadangu, maana tumelala kitanda kimoja na kula sahani moja. Mimba ya pili, wiki tatu kabla ya siku. Wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari alimwambia mbele ya mama yake: wa pili usijaribu kuzalia kijijini, kovu linaweza kufunguka. Ambulensi ilikuwa imeshatoka na mgonjwa mwingine. Na uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri, dadangu amenyamaza, anadhani ni tumbo tu.

Sista alikuwa ameshakaa kwa kiti cha dereva. Mkono kwa kizingiti, akajivuta.

"Nakuja na wewe!" nikasema, nikavua glavu nikazitupa.

"Ingia, funga mdomo."

Niliingia. Mdomo sikufunga.

Tulipofika Maungu na kuacha lami, Sista alianza kuutikisa mkono wa kushoto kama mtu aliyeshika sufuria.

"Kijana, huu usukani umeupaka nini?"

"Usukani sijaugusa, Sista. Ni jua."

"Jua liko pande zote mbili. Mbona linachoma mkono mmoja?"

Nikaongea mambo mengine. Madirisha yalikuwa wazi, vumbi limejaa, na Sista alisikia harufu ya oili tu. Barabara ile ya murram ilikuwa inatutupa huku na huku, jasho linamtoka, naye hana hata leso ya karibu, anapangusa uso kwa mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono, Mungu ni mkubwa. Ungekuwa ni kiganja tusingefika Rukanga.

Tulimkuta dadangu amesimama mlangoni ameshika fremu, hana viatu. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vilikuwa havimwingii tangu mwezi uliopita. Shangazi amebeba beseni, kanga tatu, na kitabu cha kliniki ameking'ata kwa meno. Sista akashuka, akamgusa tumbo kwa juu ya nguo, akaangalia saa.

"Twende. Sasa hivi."

Dadangu akainua mguu, akakanyaga kizingiti changu kipya. Hapo hapo uchungu ukampata. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Akasimama na miguu yote miwili juu ya ile plastiki, ameshika paa la gari, anapumua, na sisi tumemshikilia. Dakika nzima. Ulipoachia akaanguka kwa kiti, akatulia. Kisha akafungua macho makubwa.

"Miguu," akasema.

"Miguu imefanya nini, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Miguu inaniwaka. Mama! Miguu inawaka moto!"

Nimesikia mambo mengi ya uzazi lakini hilo la miguu sikuwa nimelisikia. Nikamwangalia Sista, yeye ndiye anajua. Sista alikuwa amekunja uso, anafikiria, na akafanya kile mtu mwenye jasho anafanya akifikiria: akajipangusa macho. Kwa kiganja.

Sitasahau ile sauti. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kupandisha sauti mbele yangu. Alipiga ukemi mmoja, akapiga hatua mbili, akagonga mlango wa gari, akakaa chini kwa mchanga na mikono hewani.

"Sioni! Jamani, sioni!"

Mimi nikikasirika damu inafika kichwani kabla ya akili. Kulikuwa na kitu kwa ile gari, na gari ile tulikuwa tumeishika watu wawili: mimi na mwenzangu, na mimi sikuwa nimekosea. Nikampigia mwenzangu.

"Umetia nini kwa gari ya Sista?"

"Nimechomelea."

"Umechomelea na nini? Asidi? Sista amekuwa kipofu! Dadangu anaungua miguu! Wewe ni muuaji, unasikia? Muuaji! Ukae hapo nikuje nikuvunje!"

Niliongeza mengine ambayo siyaandiki. Nikamtaja mpaka babu yake wa reli. Akasema taratibu, "Ngoja niangalie chini ya meza." Nikamkatia simu.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa amepiga magoti kando ya gari. Amepitisha kidole kwa kizingiti. Akakinusa. Akakigusa kwa ncha ya ulimi. Akaniangalia.

"Hii ni yangu," akasema.

"Nini yako?"

"Hii ni dawa yangu ya ndovu. Mlungu wangu! Mwanangu, umepaka gari dawa ya ndovu?"

Nikaona kichwani jerikani yangu ya njano, na ya shangazi ya njano vile vile. Nikaona zile glavu zilizofanya mimi nisiungue. Nilijaribu kuvuta hewa kwa pua nisikie harufu na sikusikia chochote, na hicho ndicho kilinitisha zaidi, kwamba nilikuwa nimekaa zaidi ya saa nzima ndani ya gari inayonuka pilipili ya kufukuza ndovu, naongea.

"Shangazi, nipige," nikasema.

"Nikupige saa ngapi? Leta maziwa!"

"Maji!" Sista akapiga kelele kutoka chini. "Macho ni maji! Maji safi, mengi, msinitie kitu kingine!"

"Maziwa ndiyo yanatoa pilipili, Sista, sisi kila mwaka tunaungua."

"Mikono tia maziwa, tia unachotaka! Macho ni maji! Nani muuguzi hapa?"

Hata pale, na hali ile, walibishana. Nikakimbia nikaleta mtungi wa maji, nikamshika Sista kichwa, nikamwagilia macho polepole vile alivyoniamuru, kutoka upande wa pua kwenda nje, jicho moja, jicho lingine, huku shangazi anamsugua dadangu nyayo kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kisha maziwa ya mbuzi. Jirani mmoja alivifunga vizingiti vyote vinne kwa magunia. Dadangu alikuwa analia na kucheka, halafu uchungu ukamjia mwingine na kicheko kikaisha.

Sista alisikiliza ule uchungu macho yamefumba. Alikuwa anahesabu kwa midomo.

"Maumivu yanakaribiana," akasema. "Nani anaendesha gari hapa?"

Wenye kuendesha walikuwa mashambani au Voi.

"Kijana?"

"Sista, mimi naendesha ndani ya uwanja tu. Mbele na nyuma. Sina leseni."

"Unajua gia?"

"Ya kwanza. Na ya pili."

"Zinatosha."

Shangazi alinishika kola. Nilidhani sasa ndiyo ananipiga. Akaniambia kwa sauti ya chini ili dadangu asisikie, "Aliambiwa kovu linaweza kufunguka. Umesikia? Kaa kwa usukani umpeleke."

Sista akakaa kando yangu, kitambaa chenye maji kimefungwa machoni, mikono kwa bakuli la maziwa katikati ya mapaja. Nikawasha. Ilizima. Nikawasha. Ilizima. Mara ya tatu nikaachia klachi vile alivyoniambia, kama unamwekea mtoto aliyelala mto, tukaondoka.

Nilichokiona kwa barabara ile sijawahi kukiona kwa mtu mwingine. Mwanamke amefungwa macho na anaijua njia kwa matako.

"Sasa tumepita mawe. Hapo mbele barabara inashuka kwa korongo, mguu kwa breki, usiukanyage, uuweke tu. Shuka. Umeshuka? Kaa kushoto, kulia kumeliwa."

Na kweli kulia kumeliwa! Shimo la kuingia ng'ombe! Na usukani, tuliokuwa tumeusugua kwa sabuni kutoa pilipili, ulikuwa unateleza. Nyuma shangazi alikuwa anaongea na binti yake kikwetu, sauti ya chini, mfululizo, na kila uchungu ukija Sista anauliza, "Maumivu yanaachia katikati?" na shangazi anajibu, "Yanaachia." "Vizuri. Yasipoachia niambie saa hiyo hiyo." Nilielewa bila kuambiwa kwamba saa yasipoachia ndiyo lile kovu linafunguka. Kila mara nilikuwa nasubiri lile jibu kuliko nilivyowahi kusubiri kitu. Yanaachia. Yanaachia. Nilinyamaza njia nzima. Shangazi anasema hapo ndipo aliogopa kweli.

Tulipoanza kuona nguzo za umeme za Maungu nikapunguza mwendo. Mbele yangu ni barabara kuu ya Mombasa na malori yale marefu, na mimi najua gia mbili.

"Sista, siwezi kuingia lami. Nitatuua."

"Simama kando tutafute mtu."

Mtu alikuwepo. Amesimama pale murram inakutana na lami, kando ya pikipiki ya kuazima, kofia ya kuchomelea bado iko juu ya kichwa. Alikuwa ametoka nayo kibandani hivyo hivyo. Kwa mkono ana pakiti nne za maziwa.

Alifungua mlango wangu.

"Songa," akasema.

Nikasonga nyuma kwa shangazi. Pikipiki akaiacha kwa fundi wa matairi. Alifunga mkanda, akaangalia kioo, akampa Sista pakiti za maziwa, akaingia lami. Yeye leseni anayo. Aliendesha kama anavyochomelea, hakuna kutetemeka, hakuna haraka isiyo na maana, na lori likimpa nafasi anachukua.

Mimi nilikuwa nimeinama nimeshika nyayo za dadangu nikizipepea kwa kitabu cha kliniki. Aliniangalia akiwa amejaa jasho.

"Wewe ndiye umefanya hii?"

"Ni mimi."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Pepea."

Tulipofika karibu na Voi, Sista aliuliza tena, "Yanaachia?" Shangazi aliweka mkono juu ya tumbo la binti yake, akangoja. Akangoja.

"Sijui," akasema. "Sijui, Sista. Limekuwa gumu tu."

Mwenzangu hakuambiwa. Nilisikia tu injini inabadilisha sauti.

Pale hospitali walikuwa tayari, maana Sista alikuwa amewaagiza kwa simu, mimi nikiwa nimemshikia sikioni tulipokuwa Maungu. Dadangu aliingizwa kwa kitanda cha magurudumu mbio. Sista naye akaingizwa mlango mwingine akaoshwe macho vizuri, na alikuwa anawaeleza jinsi ya kumwosha. Shangazi akabaki na sisi wawili kwa benchi la nje, beseni mapajani, na zile kanga tatu za mtoto bado anazo.

Nilimwangalia mwenzangu. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Kwa simu," nikaanza. "Yale nilisema."

"Mm."

"Babu yako sikumaanisha."

"Mzee wa gereji ya jirani alisikia. Na wateja. Simu yangu spika ya ndani iliharibika, natumia ya nje."

"Wote?"

"Wote."

Nikatamani ardhi inimeze. "Ulijua kwamba ni mimi?"

"Niliona jerikani yako imejaa, ya shangazi imepungua."

"Mbona hukunipigia ukaniambia?"

Akafikiria. "Ungeongea."

Shangazi alicheka. Kicheko kidogo, kikavu, kisha akajifunika uso kwa kanga na nikaona mabega yake. Sikuwahi kumwona akilia, hata ule mwaka ndovu walimaliza shamba lote. Nikamshika mkono. Hakuuondoa. Hakunishika pia. Tulikaa hivyo. Mlango ulifunguka mara nyingi na kila mara alikuwa mtu wa mwingine.

Ulipofunguka mara ile, alikuwa Sista. Amevaa miwani nyeusi ya kuazimwa, mikono imefungwa bendeji nyepesi, anatembea ameshika ukuta. Alikuwa ametoroka kule kwa macho akapitia chumba cha upasuaji, unajua hawa watu hawastaafu. Tulisimama wote watatu. Beseni likaanguka likalia kwa sakafu, na hakuna aliyeliokota.

"Ni msichana," akasema. "Analia vizuri."

"Na wangu?" shangazi akauliza. "Na mwanangu mimi?"

"Kovu lilikuwa limeanza kufunguka. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu..." Hakumaliza. Akageuza ile miwani upande wangu, na sijui kama alikuwa ananiona. "Yuko hai. Wanamshona. Ameniuliza kama ganzi ikiisha miguu yake itawaka tena."

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Mwenzangu alikuwa ameniangalia anangoja, shangazi anangoja, Sista anangoja, na hakukutoka chochote, hata pumzi. Nikakaa chini pale sakafuni.

"Mwache," mwenzangu akawaambia. "Ataongea kesho."